Kila siku tunafika kambini giza limeshaingia, sehemu nzuri tunazipataje?

Swali la leo ni la dada mmoja anayesafiri kwa gari na mumewe na watoto wawili, safari ndefu ya wiki kadhaa, wanalala kwenye hema. Anasema ikifika saa moja jioni ndo wanaanza kutafuta pa kulala, wanafungua simu, wanachagua kambi yenye nyota nyingi, wakifika wanakuta ama imejaa ama ni uwanja wa changarawe uliobanwa na barabara kuu, watoto wanalia njaa, yeye na mumewe wananuniana. Anauliza apu gani ni bora, je wabuku (waweke nafasi mapema) kila usiku kabla ya kutoka nyumbani, na wakibahatika kupata sehemu nzuri walipie usiku mmoja au walipie siku zote kwa mpigo.

Dada, apu ntakutajia usijali, ila kwa maelezo yako kinachowaponza ni hiyo saa moja jioni. Anayefika jua bado liko juu anachagua, anayefika gizani anachukua kile ambacho wenzake walikipitia wakakiangalia wakakiacha, na ile nafasi iliyobaki peke yake usiku ujue ina sababu ya kubaki, labda inateremka, labda iko njia ya kwenda chooni watu wanapita na tochi usiku kucha, labda kuna taa ya nguzo inaipiga mpaka asubuhi, na nyie hamtaijua hiyo sababu mpaka mshajifunika. Kwa hiyo kabla ya apu yoyote badilisheni ratiba ya siku: gari liwe limezimwa masaa mawili kabla ya jua kuzama, na uamuzi wa mtalala wapi ufanyike wakati wa chakula cha mchana, mmekaa, mna netiweki, watoto wameshiba. Ukitafuta pa kulala huku umechoka utakubali chochote.

Kuna ile njia ya kupima jua kwa vidole, unanyoosha mkono mbele, vidole vinne vimelala pamoja, cha chini kikigusa upeo wa macho, unahesabu vidole mpaka kufika kwenye jua (usilikodolee macho), na wengi wanakwambia kila kidole ni dakika 15. Hiyo ni hesabu ya nchi zilizo mbali na ikweta ambako jua linashuka kimshazari. Karibu na ikweta jua linashuka wima, kidole kimoja ni kama dakika 8 tu, na giza likishaanza halichelewi, basi ukiona vidole vinne vimebaki usijidanganye una saa nzima, una nusu saa na chenji.

Sasa kuhusu kubuku. Nyie mnatafuta sehemu ya kila usiku kwa vigezo vilevile na hapo ndo mnajichosha bure, maana kwenye safari kuna usiku wa aina mbili. Kuna usiku wa kupita, mmetembea kutwa, mnataka choo kisafi, maji na usalama, asubuhi saa mbili mshaondoka, mandhari ya nini sasa? Na kuna usiku wa kukaa, ziwa, mlima, mbuga, mnataka siku mbili tatu watoto wacheze. Usiku wa kukaa ndo wa kubuku mapema, hasa kama unaangukia wikendi au likizo ya shule, na sehemu maarufu zinawahiwa kweli kweli, kwa mfano kambi nyingi za serikali kuu ya Marekani zilizoko kwenye Recreation.gov zinafunguliwa kubukiwa miezi 6 kabla na zile zenye jina zinaisha ndani ya dakika chache. Usiku wa kupita uacheni wazi, mkijifunga kila usiku mtakuwa mnakimbizana na risiti, mkipata sehemu tamu mnashindwa kubaki, tairi likipasuka mnakosa na hela mlishalipa.

Lakini kuuacha wazi siyo kuuacha bila mpango. Kila siku mchana chagua sehemu tatu na zote ziwe mbele kwenye uelekeo wa safari, ya kwanza ile mnayoitaka, ya pili nusu saa mpaka dakika 45 mbele yake, ya tatu hata iwe mbaya ila unajua kwa hakika iko wazi na inaruhusu kulala. Iweke nyuma hata moja na hutaitumia, dereva aliyechoka hageuzi gari, atasema twendeni tu mbele tutaona, na hiyo "tutaona" ndo inawafikisha saa tatu usiku. Kingine, zipigie skrinishoti zote tatu pamoja na ramani, kwa sababu netiweki hupotea palepale unapoihitaji.

Na kama sehemu ya kukaa imejaa kwenye mtandao usikate tamaa haraka. Watu waliobuku miezi mingi nyuma mipango yao hubadilika, nafasi zinarudi siku chache kabla, hasa kabla tu ya ule muda ambao mtu akighairi anakatwa hela. Tafuteni pia usiku mmoja mmoja ulioachwa katikati ya wateja wawili, ukiweka siku tatu mfumo unakwambia imejaa ila ukiweka usiku mmoja inatokea, unaunga nafasi mbili tofauti, kazi yake ni kuhamisha hema mita 50. Usiku wa Jumapili ndo mtamu kuliko wote, wa wikendi wameshakwenda zao. Na kwa kambi ambazo hazibukiwi, anayewahi ndo anapata, fanyeni hivi: usiku wa kabla laleni sehemu ya kupita isiyo mbali, halafu muingie pale saa nne asubuhi, ule muda watu wanafungasha. Mnazunguka taratibu, mnaona nani anakunja hema, mnamuuliza kistaarabu kama anaondoka leo, nafasi bora ya kambi nzima mnaipata na nyie hamjatoka jasho. Wanaokuja jioni hawajui hata kama ile ilikuwa wazi.

Haya, apu. Hakuna moja inayotosha kila mahali, inategemea mko wapi. iOverlander inatumiwa sana na watu wa safari ndefu za kuvuka nchi na mabara, taarifa zinawekwa na wasafiri wenyewe. Park4Night imejaa zaidi Ulaya, WikiCamps ina nguvu Australia, The Dyrt na Campendium ni za Marekani. Kwa ramani isiyohitaji intaneti chukua Organic Maps au OsmAnd, zote zinatumia data ya OpenStreetMap, unapakua eneo zima ukiwa kwenye waifai, na mara nyingi zina vikambi vidogo ambavyo havijawahi kusikika kwenye apu kubwa. Mi ningekaa na mbili, moja ya maoni ya watu na moja ya ramani, ukizidisha hapo unakuwa unasoma simu badala ya kusafiri.

Nyota zisikusumbue. Aliyetoa nyota tano anaweza kuwa na karavani yenye choo chake na bafu lake ndani, yeye kambi ameipima kwa umeme na upana wa kugeuzia gari, hajawahi kukanyaga bafu la pale, na nyie wa hema mnalihitaji hilo bafu. Kwa hiyo soma maoni ya mtu anayelala kama nyie. Panga kuanzia mapya, halafu rudi utafute ya mwezi kama huu mwaka jana, kwa kuwa kambi ya kando ya maji msimu wa kiangazi na kambi hiyohiyo msimu wa mvua na mbu ni kambi mbili. Maoni ya nyota tatu ndo yana habari, wa tano amefurahi tu na wa moja kagombana na mlinzi, wa tatu atakwambia "pazuri ila treni inapita saa tisa usiku." Picha za mwenye kambi zipite haraka, angalia za wateja, na humo usitazame machweo, tazama chini: ni nyasi, udongo au changarawe ya kushindiliwa? Kama kila picha ni gari kubwa juu ya changarawe basi hapo kigingi cha hema hakiingii, na hilo ndo lililowapata.

Halafu fungua picha ya setilaiti, dakika mbili tu, na hapa mtu anajiokoa na mengi. Vuta karibu. Angalia barabara kuu iko mita ngapi, na siyo umbali tu, angalia kama ni mteremko, malori yakishuka yanafunga breki za injini na ule mngurumo unafika mbali kuliko wa barabara tambarare. Tafuta reli, wengi wanaisahau kwa sababu kwenye ramani ni kamstari kembamba ka kijivu. Tafuta jengo kubwa lenye paking pana jirani, linaweza kuwa ukumbi wa sherehe, na Jumamosi mtaujua muziki wote. Angalia miti, vile vidoti vya kijani ni vivuli kweli au ni vichaka, na kama mnaona mahema au magari kwenye picha hesabu yamebanana vipi. Mkimaliza washa mistari ya kontua kwenye OsmAnd (ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja), ikibanana sana pale kambi ilipo ujue mtalala mnateleza.

Baada ya hapo piga simu. Najua siku hizi watu hawapendi kupiga simu ila ni dakika moja, na usiulize "pako vizuri?" maana nani atakujibu pabaya. Uliza vitu vyenye jibu fupi la moja kwa moja: sehemu ya mahema ina nyasi au changarawe, gari linakaa pembeni ya hema au mbali, maji ya moto yapo muda wote, leo kuna kundi kubwa au sherehe, na geti linafungwa saa ngapi. Hilo la geti usilisahau, kuna kambi ukichelewa dakika kumi unalala nje ya fensi ukiiangalia.

Sasa mmefika, jua bado lipo. Msishushe kitu. Mmoja abaki na watoto, mwingine azunguke kwa miguu kambi yote, au zungukeni wote watoto wanyooshe miguu. Utagundua kambi nyingi barabara yake ni ya duara, ya kwenda upande mmoja, na kila nafasi ina kijia chake cha kuegesha gari. Mpangilio huo una historia yake, ulianzia Marekani kwa mtaalamu wa magonjwa ya miti aitwaye E. P. Meinecke, aliyeona miti mikubwa ya California inadhoofika kwa sababu magari na miguu ya watu vinashindilia udongo juu ya mizizi, na miaka ya 1930 mwanzoni akapendekeza kambi ziwe na barabara maalum, magari yaegeshwe kwenye vijia na yazuiwe kwa mawe na magogo yasizurure. Kwenu faida yake ni hii: nafasi zilizo nje ya duara mgongo wake ni msitu au uwazi, zilizo ndani ya duara zimezungukwa na majirani na taa za magari pande zote. Chukueni ya nje. Ila siyo ile ya kwenye kona, gari linalokata kona usiku linamulika moja kwa moja ndani ya hema. Na kutoka chooni kaeni mbali kiasi cha kutosikia mlango ukibamizwa lakini karibu kiasi mtoto anaweza kutembea bila kulia, nafasi tano au sita hivi, tena upande upepo unakotokea.

Mkiipata inayofanana na hiyo anza kuisoma ardhi. Chuchumaa. Ukiona udongo laini uliopasukapasuka kama vigae, na majani makavu yamejipanga mstari kuzunguka, hapo maji yalisimama mvua iliyopita na yatasimama tena, hata kama leo ndo pameonekana tambarare na pasafi kuliko kwingine kote. Usafi wenyewe umeletwa na maji. Sogea kwenye kamwinuko kadogo hata cha nusu mita. Chomeka kigingi kimoja kwa mkono, kikigoma sentimita tatu chini kuna mwamba au kokoto, jaribu hatua mbili pembeni kabla hujatandaza hema. Lala chini chali pale mtakapolala, ndiyo, lala kabisa, mgongo unajua mteremko ambao macho hayauoni, na kama mteremko upo vichwa viwe juu.

Ukiwa chini hapohapo tazama juu. Tawi kavu lisilo na majani, tawi lililovunjika likanasa kwenye matawi mengine, mti mzima uliokufa umesimama, hapo msilale hata kama kivuli ni kizuri namna gani. Matawi ya hivyo hayasubiri upepo mkali, yanaweza kudondoka usiku umetulia. Mti mmoja mrefu uliosimama peke yake uwanjani nao siyo rafiki radi zikianza, na radi zikianza ingieni kwenye gari, hema halizuii kitu.

Bonde na mkondo wa maji ndo sehemu ninayogombana na watu sana. Mchanga wa mto mkavu unavutia, laini, umesawazika, watoto wanataka kucheza, halafu mvua inanyesha milimani kilomita nyingi huko, kwenu mbingu zina nyota, maji yanafika usiku wa manane bila kubisha hodi. Angalia vichaka vya kingo: ukiona majani makavu, vijiti na vipande vya plastiki vimening'inia kwenye matawi usawa wa kifua chako basi maji yalifika hapo kifuani, huo ndo mstari wake na nyie muwe juu ya huo mstari. Hata pasipo na hatari ya mafuriko, kama mko porini kaeni kama hatua 70 za mtu mzima kutoka kwenye maji, mita 60 hivi, mnapunguza umande na mbu, wanyama wanapata njia ya kunywa, na maji hayachafuki.

Baridi nayo ina tabia yake. Usiku usio na mawingu wala upepo hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama chini ya bonde, kwa hiyo anayelala chini kabisa ndo anayetetemeka na kuamka na hema limelowa, wakati aliyepanda mita kumi ishirini tu pembeni yake kalala salama. Kwa kimo kikubwa hesabu ni nyingine, kwa wastani joto linapungua kama nyuzi 6.5 kila mita 1000 ukipanda, basi kama mnapita ukanda wa joto na watoto hawalali, tafuteni kambi ya juu hata ikiongeza dakika 40 za kuendesha, na kama ni msimu wa baridi fanyeni kinyume. Watu wengi hawaangalii kimo cha kambi kabisa, na mara nyingi kimeandikwa palepale kwenye apu au ramani.

Majirani muwaangalie kabla ya kuchagua. Jenereta, spika kubwa, meza ya vijana kumi yenye makreti, pita na tabasamu lako nenda mbele. Jenereta siyo kelele tu, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, usilale upande moshi unakoelekea, na kwa sababu hiyohiyo jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani ya hema hata mvua ikinyesha vipi. Ukiona familia nyingine yenye watoto, kaeni jirani nao, wenu watacheza na nyie mtasimamisha hema kwa amani.

Kuhusu kulala nje ya kambi rasmi nitasema kidogo tu kwa sababu sheria zinatofautiana mno. Sweden haki ya kupita na kulala porini usiku mmoja inalindwa, Scotland sheria ya 2003 inaruhusu ukilala kistaarabu kwa hema, ila ruhusa hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu anayelala ndani ya gari, ukivuka kuingia Uingereza yenyewe (England) sehemu kubwa lazima mwenye ardhi akubali. Mkiwa na watoto na mnafika jioni, kama hamna uhakika na mwenye ardhi yupo karibu, nendeni mkamwombe, akiwaruhusu mnalala bila hofu, akikataa mara nyingi anawaelekeza pengine.

Na siku ambayo kila kitu kimeshindikana, giza limeingia na sehemu zote tatu zimejaa, msianze kutafuta pazuri. Ombeni mapokezi wawaruhusu kona yoyote ya usiku mmoja, kambi nyingi zina kiwanja cha akiba ambacho hakiko kwenye mtandao, waambieni mna watoto na saa moja asubuhi mnaondoka. Wakikataa waulizeni wao wanamjua nani mwenye nafasi, wanajuana hao, watapiga simu wenyewe. Ikishindikana kabisa chukueni chumba cha bei nafuu mlale, siyo dhambi, kuendesha mmechoka ndo hatari.

La malipo: lipieni usiku mmoja, lakini palepale mapokezi uliza nafasi yenu ina mtu kesho na keshokutwa, na uliza mwisho wa kuongeza siku ni saa ngapi. Mkiamka mmelala vizuri, mkaona jua la asubuhi linapiga wapi na bafu likoje watu wote wakiwa wanaoga, nenda kaongeze kabla hawajaanza kupokea wapya. Isipokuwa ni Alhamisi au Ijumaa, hapo lipia mpaka Jumapili mchana hata kabla hujafungua mlango wa gari, maana ukisubiri asubuhi hutaikuta.